Filimbi ya Kuitika

Laiti nisingekubali. Alasiri ile, mbele ya mlango wa kanisa letu la Nyabiyonza, mzee wa kanisa alinyoosha kiganja, nami nikaweka filimbi yangu juu yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeokoka, na kwaya ilikuwa inatafuta kiongozi.

"Kijana, huwezi kutuimbisha Jumapili ilhali Jumamosi unapiga filimbi kwenye pombe," alisema. "Chagua."

Nikachagua. Hakuna aliyenishika mkono, nisimsingizie mtu. Aliitumbukiza chooni nikimwona, nikasema amina.

Filimbi ile ilitoka kwenye pampu ya baiskeli. Tata, yaani baba yangu, aliitengeneza mwaka wa vita, 1978, nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Alikata bomba la pampu mbovu vipande viwili, akatoboa matundu kwa msumari, akaziba mdomo kwa kijiti na nta. Kipande kirefu kikawa chake, kifupi changu.

Alinifundishia kwenye kazi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu humwagwa kwenye mtumbwi wa mti, watu wakazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi mpaka juisi itoke, na anayekanyaga bila wimbo huchoka upesi. Tata alikaa kwenye gogo akawapigia. Yeye aliita, mimi niliitika. Nyimbo zake zote zilikwenda hivyo: sauti yake inauliza, inanyamaza, yangu inajibu.

Nikijaribu kupiga sehemu yake, alinikemea. "Ukiniiga, nani ataniitika? Shika chako!"

Nikashika changu.

Siku niliyorudi mikono mitupu, alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe huyo Mungu wa shuleni hapendi filimbi? Basi ndege wote wa kibanja hiki cha migomba wataungua."

"Filimbi si dhambi, tata. Dhambi ni pombe."

"Sikukuomba unywe. Nilikuomba uitike."

Hakunibembeleza tena. Aliendelea kupiga kila walipokanyaga, nami nikiwa ndani na kitabu cha nyimbo za ibada. Aliita, akanyamaza kwa muda uleule wa sehemu yangu, kisha akaita tena. Pengo lile hakuliziba hata mara moja. Vidole vyangu vilimjibu juu ya jalada la kitabu. Miaka ikapita hivyo, sisi wawili tukibishana kwa kimya, kila mmoja akingoja mwenzake ashindwe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kifua kilimzidi, tukamzika kibanjani, na filimbi yake nikaiweka kando yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya matanga niliacha kwaya.

"Unarudi nyuma?" mzee wa kanisa aliniuliza.

"Ndiyo, tena kwa miguu yangu."

Nikaanza kukusanya filimbi. Za bati nilizipata mnadani. Nikawa na ya refa iliyopasuka, ya plastiki ya watoto, na nyingine nilizotengeneza mwenyewe kwa pampu mbovu nilizookoteza vijijini Kanoni na Rugera. Nilizitundika sebuleni, ukuta wa mbele, mahali ambapo wengine huweka kalenda ya kanisa. Mzee yule akija hukaa chini ya filimbi hizo akitafuna buni, kahawa kavu ya kumkaribisha mgeni.

"Zote hizi za nini, ndugu yangu?"

"Za kupigwa. Chukua moja ukaitupe tena, uone."

Hutema maganda, akachukua buni nyingine.

Mwaka wakimbizi walipojaa wilayani kwetu Karagwe, kijana mmoja wa Rwanda alifanya kibarua shambani kwangu. Naye alikuwa mpigaji wa filimbi. Jumamosi moja nilipiga kwa nguvu, makusudi, waumini wakitoka mazoezi ya kwaya. Kijana akaegemea jembe, akasikiliza.

"Kaka, unamjibu nani? Mbona sijasikia aliyeita?"

"Baba yangu. Alishafariki."

"Basi nipigie alivyokuwa akiita, niishike. Mimi niite, wewe uitike."

Nikaweka filimbi mdomoni. Vidole havikujua pa kuanzia. Nilijaribu tena, na tena, kijana akiningoja kwa heshima, mpaka akainua jembe lake taratibu na kuendelea kulima.

Filimbi sitaziondoa ukutani, na Jumamosi nitapiga, asiyetaka azibe masikio. Lakini gharama nitaitaja bila kuipunguza. Kila wimbo wa baba yangu najua nusu tu, nusu ya kuitika. Nusu yake ningeweza kumwomba anifundishe kwa miaka yote ile, tukiwa nyumba moja. Sikumwomba, na sasa hakuna mtu duniani anayeijua.