Siku Nilipoziba Njia ya Kanyaruchinya

Wakati ule nilikuwa dereva wa traktopele, ile mashini yenye ndoo mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Tulikuwa tunachimba vyoo vya kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, ambako chini ni mawe ya volkano na kila shimo ni ugomvi. Asubuhi moja mizinga ilianza kusikika upande wa kaskazini, karibu kuliko siku zote. Mkubwa wangu akapiga simu: "Leta mashini Goma. Sasa hivi."

Kambi nzima ilikuwa inang'oa turubai. Nilishuka na mashini nikiwa katikati ya watu, magodoro na mbuzi, hadi pale njia inapobanwa na kuta mbili za mawe meusi. Hapo injini ikaanza kukohoa. Ikapungukiwa nguvu kidogo kidogo, kisha ikazima.

Wenye miguu waliweza kujipenyeza. Lakini nyuma yangu kulikuwa na gari la wagonjwa, na nyuma yake chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na malori.

Nilifungua sashe, mfuko wa plastiki niliokuwa nimeufunga kwa mpira kwenye mdomo wa tangi, maana kifuniko chake kiliibwa wiki iliyotangulia na mvua haikuwa inakatika. Nikachovya kijiti. Mazutu, yaani dizeli, ilizidi nusu. Basi ni filtre, chujio la mafuta, nikajiambia. Nikaweka mpya iliyokuwa chini ya kiti, nikapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikatoka yote, nikafunga sashe, nikawasha. Ikanguruma! Watu wakashangilia. Baada ya hatua kama mia mbili ikakohoa tena, ikafa, na kuta zilikuwa bado pande zote mbili.

Luteni mmoja akapanda kwenye ngazi ya mashini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Muzee, nani alikutuma kufunga njia?"

"Hakuna mutu, shefu. Mazutu haifike kwa injini."

"Nakupa dakika kumi. Ikigoma, lori itaisukuma kwa mawe, na wewe utaenda kujieleza."

Nilijua kujieleza siku kama ile kungeishia wapi. Nikafungua sashe, nikachovya kijiti tena, nikafunga, nikawasha. Ikawaka, ikasogea kidogo, ikafa. 

"Papa, samahani."

Alikuwa mama wa makamo, mtoto mgongoni, bidoni ya mawese, dumu la mafuta ya michikichi, imesimama miguuni pake. Alikuwa akinifuata nyuma, akitua mzigo kila niliposimama, akinitazama muda wote.

"Kila mara unafungua hiyo sashe, mashini inawaka. Ukiifunga, inakufa. Mimi nauzishaka mawese. Bidoni usipoitoboa kwa juu, mafuta inakataa kutoka."

Niliona aibu kabla ya kuona furaha. Kifuniko cha tangi huwa na tundu dogo la kuingizia hewa. Nilifundishwa hivyo siku zangu za kwanza za garaji. Injini ilikuwa inavuta mazutu kutoka kwenye tangi nililolinyonga kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaitoboa sashe kwa msumari. Nikapiga pampu, nikawasha, nikaondoka bila kuthubutu kumtazama luteni. Hatua mia mbili. Mia tatu. Sauti ya injini haikubadilika. Kuta zikaisha, nikaingia pembeni palipokuwa wazi, na gari la wagonjwa likanipita likipiga honi. Luteni alipofika alilipiga bati la mashini kwa kiganja, mara moja, akaendelea na safari.

Nilirudi kwa miguu kumtafuta yule mama nimpakie yeye na mtoto. Sikumpata. Nilichokuta ni wazee wawili, mume na mke, wameketi juu ya jiwe, wamechoka kabisa. Niliwashika mkono hadi kwenye mashini, nikawapandisha ndani ya ndoo ya mbele, nikaiinua kidogo tu kutoka chini.

"Usitutikise, mutoto wangu," bibi akasema.

Nikashuka nao mwendo wa konokono mpaka Goma, mizinga ikiendelea nyuma yetu.