Demonstrator si mwandamanaji, jamani!

Leo nimeburutwa sokoni Newala kwa sababu ya fulana!

Nilikuwa nawaonesha wakulima bomba jipya la kupulizia mikorosho. Mgongoni fulana imeandikwa DEMONSTRATOR.

Mgambo akanikwida. "Mwandamanaji wewe! Wenzako wako wapi?"

"Kaka, neno lina maana mbili. Asili yake ni Kilatini, kuonesha. Mimi naonesha bomba."

"Kumbe ya pili unaijua!"

Akanivuta hadi kituoni. Mkuu wa kituo akasoma, akacheka, akaniachia. Mgambo hata pole hakusema!

Kurudi, wakulima wote wametawanyika. Amebaki Mama Zainabu tu, analinda bomba.

"Mwanangu, ivue hiyo fulana. Mgambo wametwambia atakayesimama na wewe naye atabebwa."

Sikuivua.

Ungekuwa mimi, ungeivua?