Nakala ya Ijumaa ya Mama Adelina

Leo nimemfokea mtu aliyeniokoa.

Asubuhi kompyuta kuu ya kituo chetu cha afya hapa Milanzi ilikufa, na kumbukumbu za wagonjwa zote zilikuwa humo. Nikajaribu kurudisha nakala ya jana, ile inayobeba tu mabadiliko yaliyofanyika tangu nakala kamili ya mwisho. Ikagoma! Haikuitambua nakala kamili niliyokuwa nayo.

Jasho lilinitoka, jamani, na baridi yote hii ya Sumbawanga.

Kumbe Mama Adelina wa masjala alichukua nakala kamili nyingine Ijumaa, bila kuniambia, kwa hiyo nakala ya jana ilifuata hiyo yake, si yangu ya zamani.

"Mama, umeniua!" nikafoka.

"Niliogopa umeme utakatika, mwanangu," akasema, akitoa diski mkobani. "Hii hapa."

Nikaichomeka, nikaiongezea ile ya jana. Mafaili yote yakarudi!

Nimemwomba radhi mbele ya wagonjwa. Akacheka tu.

Nyie mngeuficha wapi uso?