Filamu Huishia Langoni

Kijana wangu ana ugonjwa wake mmoja tangu akiwa mdogo: hali ganda la maharagwe. Mpe githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, uone kazi. Anabana haragwe kwa vidole viwili mpaka linachomoka, analila, halafu ganda analibandika kwenye ukingo wa sahani. Moja, lingine, lingine tena, mpaka sahani imezungukwa. Nilimgombeza. Nikamchapa. Nikamwambia kwetu Kiritiri mvua ikikosa hata hilo ganda ni chakula cha watu. Wapi! Mwishowe nilichoka. Ukiona sahani ya namna hiyo nyumbani kwangu, huna haja ya kuuliza ni nani alikuwa mezani.

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, katika nyumba ya kupanga mjini Embu. Baba yake, mtu wa Kangeta, alifariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ni karani. Siku nzima napiga chapa barua za watu wenye haraka, na mimi mwenyewe hasira zangu ziko karibu, kwa hivyo ikifika Jumamosi sitaki kuona mtu. Jumamosi ilikuwa yetu. Githeri mapajani na filamu ya zamani kwenye runinga.

Hizo filamu nilizipendea shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitusomesha hadithi kitabuni, na muhula ukikaribia kuisha analeta runinga bwaloni, anatuonyesha hadithi ile ile ikiwa filamu. Nyingine hazikuwa hata na rangi. Watu wamevaa makoti, kila mahali theluji, lakini haki ya Mungu yule msichana aliyekuwa mle ndani alikuwa mimi. Miaka kumi na mitatu, miguu mirefu kuliko sketi, anakaa juu ya ukuta wa kanisa akisikiliza wasichana wenzake wakifanya mazoezi ya kwaya, na hakuna hata mmoja anayemwita. Mimi nilikuwa Mmbeere peke yangu bwenini. Wenzangu wakianza Kimeru chao nabaki nikitazama mabati. Kitabuni yule msichana alikuwa na kurasa na kurasa za mawazo, na filamu haiwezi kukuonyesha mawazo. Inakuonyesha uso, na viatu vinavyoning'inia ukutani, basi. Ulinitosha ule uso. Nililia mpaka mwalimu akasimamisha filamu akauliza kama naumwa tumbo.

Kwa hivyo nilipopata mtoto wa pekee, mkimya, ambaye hakuna rafiki anayembishia mlango, nilimpa nilichokuwa nacho. Siku hizi hizo filamu ziko kwenye simu, yeye ndiye alikuwa anazitafuta na kuziunganisha na runinga. Kuna ya mvulana wa shule ya bweni ambaye kitanda cha pembeni yake hakilaliwi na mtu. Kuna ya mtoto wa mfua vyuma anayefuata genge la wenzake kutoka ng'ambo ya barabara, kila siku ng'ambo ya barabara. Zote zimetoka vitabuni, na vitabu vingine nilikuwa nimevisoma, basi mimi nikawa najifanya mwalimu: hapa wamekata, huyu shangazi hakuwa mkali hivi. Yeye anasikiliza, anabandika maganda yake.

Siku moja akaniambia, "Mathe, hizi sinema zote ni moja."

"Moja vipi?"

"Mtu hana watu. Anataka watu. Anateseka weee, halafu mwishowe wanamfungulia geti. Akishaingia tu, muziki, majina yanapanda. Hatuonyeshwi huko ndani anafanya nini."

"Anakula githeri na maganda yake," nikamjibu. "Kula huko."

Tulicheka. Kweli tulicheka sana, na mimi nikalisahau swali lenyewe.

Kilichotuharibia Jumamosi zetu ni Krismasi moja kule Kangeta kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Vijana wa ukoo walikuwa wamekaa chini ya mti wa miraa nyuma ya nyumba, wanakula. Wangu akachukua sahani yake akaenda kukaa nao. Wakaacha kula. Halafu mmoja, mdogo kuliko yeye kwa umri lakini tayari ametahiriwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hatukuli na mwiji." Mwiji ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na kule Meru ukimwita kijana hivyo mbele za watu umemvua nguo. Wakainuka wote na sahani zao wakahamia upande wa zizi. Wangu alibaki pale mtini, na githeri yake, peke yake. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ala! Nilitaka kumfuata yule mdogo nimchape mbele ya baba yake. Mke wa shemeji akanishika mkono, akaniambia niache, nitamwongezea aibu.

Mimi mpango wangu ulikuwa hospitali. Desemba inayofuata nampeleka hapa Embu, daktari anamtahiri, anapona kwa kitanda chake huku akitazama runinga, yamekwisha. Nilipomwambia, aliniangalia kama mtu aliyekosewa.

"Nikitahiriwa peke yangu Embu, nitakuwa wa nani?"

Nikamwambia utakuwa wangu. Akasema, "Mathe, si hiyo naulizia." Na mimi nilijua si hiyo. Nilikuwa nimekaa ukuta huo huo.

Basi Desemba ilipofika nikampeleka Kangeta. Pale nyuma ya shamba la miraa wanaume walikuwa wamejenga kibanda na kukizungushia ua wa mabati na majani ya migomba. Vijana wanapona humo ndani, wanafundishwa ya kiume, na vijana waliotahiriwa miaka ya nyuma ndio wanawalinda. Mama haingii. Hata usiku mmoja mtoto akiugua, mama haingii. Kazi yetu sisi wanawake ni kupika na kupeleka chakula mpaka langoni, kila mama na sahani ya mtoto wake. Mlinzi anaipokea. Baadaye sahani inarudi tupu, na hiyo sahani ndiyo barua yako. Imerudi na chakula, mtoto mgonjwa. Imerudi safi, mtoto mzima. Akina mama wanaonyeshana sahani, wanashukuru Mungu, wanaenda kuosha.

Yangu ilirudi safi. Imelambwa, inang'aa. Nikaigeuza, nikaichungulia ukingo wote. Hakuna ganda hata moja.

"Huyu hajala," nikasema.

Mke wa shemeji akacheka. "Sasa wewe! Sahani nyeupe hivi? Ulitaka akule na bati?"

Nikamweleza habari ya maganda. Akasema njaa ya humo ndani inamaliza maringo yote. Nikangoja ya jioni. Safi. Ya kesho yake, safi. Nikamwendea shemeji yangu sokoni, akiwa na wenzake wanafunga miraa kwenye majani ya migomba, nikamwambia mbele yao wote kwamba wale walinzi wanakula chakula cha mtoto wangu.

"Shemeji," akasema kwa upole, bila kuinua macho, "hata mimi changu kililiwa. Hakuna aliyekufa. Ukiingia pale, au mimi nikiingia kwa ajili ya maneno yako, kijana atatoka humo lakini hatahesabiwa ametoka. Ataitwa yule aliyetolewa na mama yake mpaka azeeke. Chagua."

Nilienda mpaka kwenye lango. Nilikuwa nasikia watu wakicheka ndani, halafu kitu kama fimbo, halafu kucheka tena. Mlinzi, kijana niliyewahi kumkaribisha chai kwangu Embu, alisimama katikati ya mlango akaniambia nirudi jikoni. Nikamtukana kwa Kimbeere, lugha ambayo alijifanya haielewi. Halafu nikarudi jikoni. Nilikuwa nimetaka mtoto wangu apate watu, na watu ndio hao.

Alitoka amekonda, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku. Mgongoni, shati lilipopanda akiinama, niliona alama. Lakini, jamani, uso wake! Mchungaji alikuja akaomba, wajomba wakatoa mbuzi na blanketi, na wakati wa chakula wale vijana wa chini ya mti wa miraa walimwita. Walimwita kwa jina la baba yake. Walimwekea nafasi katikati, wakala kutoka sinia moja, na yule mdogo wa mwaka uliopita alimwekea mkono begani. Nilikuwa nimekaa na wanawake, natazama kutoka mlango ule ule wa jikoni. Nililia na sikuficha. Wenzangu wakadhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha.

Embu tulirudi watu wawili tofauti. Kiti cha pembeni yangu hakukikalia tena. Akitaka kuingia chumbani kwangu anabisha, mimi nikitaka kuingia kwake nibishe, na akiwa na wageni nisibishe. Maana siku hizi wageni walikuwepo, vijana wa Meru wanaosoma na kufanya kazi hapa mjini, wanashikana mikono kwa namna yao. Nilimuuliza juu ya zile alama. "Usiniulize, mathe." Nilimwambia Jumamosi nimepata filamu, ile ya msichana wa ukutani, sijui mara ya ngapi tungeitazama. Akasema hizo ni za watoto. Hakusema kwa ubaya. Nikaitazama peke yangu, sauti chini, na kwaya ilipomfungulia mlango nikazima kabla majina hayajapanda.

Desemba iliyofuata akaniambia anatakiwa Kangeta, kulinda wadogo. Zamu hii kibandani kulikuwa na mtoto wa shemeji yangu mwenyewe, kitinda mimba, mdogo wa umbo, mwoga wa mbwa. Kila nikienda Kangeta huyo alikuwa anakuja kukaa karibu na miguu yangu jikoni, anataka nimsimulie filamu. Mke wa shemeji aliniita nije tusaidiane kupika. Nilienda nikiwa na imani, nawaambia ukweli. Nilijiambia, wangu yumo humo, anajua njaa yake, huyu mdogo atakula.

Siku za kwanza sahani ya mtoto ilirudi na chakula nusu. Mama yake hakulala. Alijaribu mukimo, alijaribu uji wa wimbi, alichinja kuku aliyekuwa anataga. Aliomba akipika, anaombea sufuria. Kufikia hapo akakumbuka kwamba mtoto anapenda githeri, akapika githeri, akaipakua ikapanda juu kama kichuguu, akaipeleka mwenyewe langoni.

Sahani ilirudi wakati tunaanika mahindi. Mama aliikimbilia. Nikasikia anapiga kigelegele kidogo, cha mtu anayeogopa kujifurahisha mapema.

"Amekula! Njoo uone, dada. Leo amemaliza!"

Nikaenda nikaona. Katikati ilikuwa nyeupe. Ukingoni yalikuwa yamepangwa maganda ya maharagwe, moja, lingine, lingine tena, mzunguko mzima, yamebandikwa kwa kidole gumba kama yanavyobandikwa nyumbani kwangu tangu mtoto akiwa na meno ya maziwa.

Mke wa shemeji alikuwa amenishika mkono, anacheka kwa furaha. Yale maganda kwake yalikuwa uchafu wa kuosha. Alikuwa amesahau maneno yangu ya mwaka uliopita, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuisoma ile sahani. Ningenyamaza, ingeoshwa. Kijana wangu angebaki na wenzake, na jina la baba yake, na nafasi yake kwenye sinia. Nikisema, baba wa mtoto ni shemeji, na safari hii angeingia, maana anayelia njaa ni wake. Wangu angetolewa humo mbele ya rika lake lote, na aliyemtoa ni mama yake. Kutoka nyuma ya mabati nilisikia kicheko chake. Ninakijua, nilikizoea Jumamosi.

Nilichukua ile sahani kutoka mikononi mwake kabla hajaitia majini.

"Mtoto wako hajala," nikamwambia. "Aliyekula ni wangu."