Isale Yangu Imebaki Kwenye Begi

Leo nimesita dakika tano tu, na mkaratusi wa Bibi umekatwa.

Nasema wa Bibi, ila ni mti wa serikali, upo barabarani mbele ya geti letu, karibu na uwanja wa ndege. Yeye aliumwagilia tangu ukiwa mche. Nyumbani wote tumejifukizia majani yake tukiwa na mafua.

Juzi watu wa uwanja wakaupiga X nyekundu, kwamba ukatwe. Umekuwa mrefu mno, na ndege zikienda kutua zinapita juu yake.

Leo asubuhi Bibi akachuma isale uani, lile jani letu la kuombea msamaha. Wachagga mnajua: ukiletewa isale, hukatai.

"Mpelekee msimamizi wao. Mwambie Bibi anauombea mti."

Mimi! Ambaye hata kujibu "present" darasani sauti inakauka!

Nilipomwona yule baba na kofia yake ngumu, nikajificha nyuma ya lori lao. (Msinicheke. Nani hapa angetoka?) Nikawa napanga maneno kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, sijui hata kwa nini.

Kuchungulia, yuko getini kwetu. Anampa Bibi isale aliyokuja nayo mwenyewe!

"Shikamoo mama. Utusamehe, mti lazima ushuke. Ndege ikiugusa tu, ni maisha ya watu."

Bibi akaipokea. Angefanyaje?

Jioni nimekiri kwake kwamba yangu bado ipo kwenye begi. Nilikuwa karibu kulia.

Akacheka. "Afadhali hiyo aibu yako, mjukuu wangu. Ungempa wewe kwanza angelazimika kuuacha mti, na mimi kila ndege ikipita ningekuwa nafumba macho kwa hofu."