Mpishi na Wauza Taulo

Rajab, mwosha vyombo kutoka Unguja, alikwisha kumzoea yule mpishi wa Kijapani wa mgahawa wa Soho, London, alikofanya kazi. Kila asubuhi mpishi huyo alinoa kisu chake taratibu, akakijaribu kwenye ukucha wa dole gumba, na hata jiko liwake vipi hakukunja mikono ya shati. Alisema kwa sauti ya chini, kama aliyelaza mtoto karibu.

Mchana mmoja wa mwaka 1988 waliingia Wajapani wawili wenye suti. Walimwambia mwenye mgahawa, Mwingereza, kwa adabu kabisa, kwamba genge lao la Osaka sasa limefika London, na taulo za wageni za kufutia mikono atachukua kwao tu, kwa bei watakayotaka wao. Mwingereza alianza kuitikia huku jasho likimtoka. Mpishi akaweka kisu chini, akakunja shati hadi kiwikoni. Mkono ulijaa michoro iliyochanjwa ngozini, ya samaki na mawimbi.

“Hatuchukui,” alisema.

Wale wawili waliutazama mkono, wakainama, wakatoka.

“Nilikuwa mtu wa genge lao, na michoro hii ndiyo alama yake; nikatoroka,” mpishi alimwambia Rajab. Alishusha mkono wa shati, akafunga vifungo. “Sasa wamejua nilipo. Kwenu Thamesmead kuna nafasi ya kulala?”

Rajab aliwafikiria mkewe na watoto wanne katika vyumba viwili.

“Twende,” alisema, akavua aproni.