Jiko la Mountain View na Mgeni wa Hurlingham

Amefariki yule fundi wa mtaa wa Mountain View aliyetengeneza jiko la vumbi la mbao. Habari zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa ofisini mjini, na nilichokihisi kwanza hakikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Wasomaji wangu wa siku nyingi, mniwie radhi. Najua marehemu huagwa kwa maneno ya upole, lakini leo kuna mtu aliye hai ninayetaka kumchoma, na hata nisipomtaja jina atajijua.

Marehemu alikuwa mwalimu wa sayansi kutoka magharibi mwa nchi. Aliacha chaki akaanza kuzunguka kwa maseremala na magunia akizoa vumbi la mbao, enzi zile za mgao wa stima, watu walipokuwa wakigombania makaa. Jiko lake halikutoa moshi, na mkebe mmoja wa vumbi uliivisha maharagwe. Alikuwa na tabia moja iliyonikera: hakuna mgeni aliyeondoka kwake bila kufunguliwa jiko. Kwao mgeni akishakalishwa akapewa chai, haonyeshwi kitu nusunusu. Basi angeuchomoa mkebe wa ndani, akuonyeshe matundu ya hewa, akuache upime kwa vidole vyako. Nikamwambia, "Mzee, ficha kidogo." Akacheka. "Nifiche nini, ndugu yangu? Hii jiko nilitengeneza watu wapike."

Siku moja akaja mgeni kutoka mtaa wa kitajiri wa Hurlingham, mwenye kampuni, suti safi na maneno matamu. Alikunywa vikombe viwili, akachora kila kitu kwenye daftari. Miezi michache baadaye jiko lilelile likazinduliwa hotelini katikati ya mji, limepakwa rangi ya kijani, na bwana huyo akaitwa mvumbuzi. Nilikuwepo. Nililitambua mara tu kitambaa kilipofunuliwa, nikaogopa kuuliza swali mbele ya wakubwa. Nilikula sambusa zake, nikaandika katika safu hii hii kwamba nchi imepata kichwa. Nilipokwenda Mountain View kuomba radhi, mwenyewe hakutaja makala yale. Alinikalisha, akanifungulia jiko jipya alilokuwa akilijaribu. Aibu ile sijapona.

Majiko ya kijani hayakukaa. Udongo wa ndani ulipasuka baada ya wiki chache, na watu wakajua pa kuyapeleka. Wa Kileleshwa waliwatuma wasaidizi wao wa nyumbani, wa Kangemi walikuja wenyewe, wote kwa mzee, na mzee akayatengeneza yote. Mimi ningeyatupa shimoni, na mwenye kampuni nyuma yake. Aliyatengeneza mpaka figo zilipomshinda.

Alhamisi alasiri tulikutana kwake kupanga mazishi. Bwana wa Hurlingham akaja na miwani myeusi, akasimama, akasema yeye na marehemu walilivumbua jiko pamoja. Mjane alikuwa akigawa chai. Akaliweka birika chini.

"Kama mlitengeneza pamoja, ambia watu. Hii udongo ya ndani inakaushwa siku ngapi ndio ichomwe?"

Bwana akatabasamu. "Kama siku tatu hivi, mama."

Wanawake waliokuwa wakiukanda udongo ule chumba cha nyuma miaka yote waliangua kicheko, tena matangani. "Siku tatu! Ndio maana zinapasuka!" mmoja akapiga kelele, na mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Sijawahi kufurahi hivyo nyumbani mwa msiba, wala sitatubu.

Watu walipoanza kutawanyika, nilimwona akimfuata mjane mlangoni mwa jikoni. Alishusha sauti. "Mama, pole sana. Lakini kwa ukweli, ni siku ngapi?"

"Kunywa chai, baba," akamjibu, akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

Nilichojifunza ni kwamba anayeiba kazi ya mwenzake huchukua kile tu alichoonyeshwa sebuleni, na hujiona amemaliza. Kazi yenyewe hubaki mikononi mwa watu ambao hakuona haja ya kuwasalimia. Mjane na wanawake wale wanaendelea kutengeneza majiko. Najua bwana wa Hurlingham husoma gazeti hili, na hizo siku za kukausha udongo marehemu alinitajia yeye mwenyewe. Katika safu hii nimewahi kuandika nisiyostahili kuandika. Hiyo hesabu siiandiki.